Mawe kwenye kifuko cha nyongo na ini lenye makovu: mambo ya kufanya kabla ya kukubali kisu

Aliyewahi kuandaa kuku anakajua kale kafuko ka kijani kalikojibanza kwenye ini, ambako ukikapasua kwa bahati mbaya nyama yote inakuwa chungu. Sisi tunacho kikubwa zaidi kidogo, kinabeba nyongo ya mililita 30 hadi 50, na kazi yake ni kuitunza tu mpaka ule chakula chenye mafuta. Mtengenezaji wa nyongo ni ini. Kifuko kikitolewa, ini linaendelea kutengeneza na nyongo inateremka moja kwa moja kwenye utumbo. Ndiyo maana mtu mwenye ini zima akitolewa kifuko kwa matundu madogo, wiki moja au mbili baadaye yuko kazini.

Mwenye ini lililosinyaa, habari yake ni nyingine kabisa, na huyo ndiye ninayemwandikia. Mama yangu aligundulika na homa ya ini B wakati makovu yameshajaa kwenye ini. Katika ultrasaundi ya kawaida wakakuta na mawe kwenye kifuko cha nyongo. Hospitali moja binafsi ikampangia upasuaji wiki ileile. Hatukwenda, na sasa najua kwa nini ilikuwa sawa kutokwenda. Mimi si daktari. Nimekaa tu miaka kwenye mabenchi ya kliniki ya ini nikiwa nimebeba bahasha ya majibu, na ninachokuandalia hapa ni mpangilio wa kwenda nao kwa daktari wako.

Hatua ya kwanza: ujue ini lako liko daraja gani

Wengi wanaanza na mawe. Anza na ini. Mawe kwa mtu mwenye ini la makovu ni jambo la kawaida sana, kuliko kwa watu wengine: bandama iliyovimba inavunja chembe nyekundu za damu nyingi kuliko kawaida, rangi yake inazidi kwenye nyongo, na kifuko chenyewe kinakuwa mvivu kujikamua. Kwa hiyo kuambiwa “una mawe” peke yake hakujakuambia chochote kuhusu kisu. Kinachoamua hatari ya kisu ni hali ya ini.

Madaktari wana hesabu ya zamani iitwayo Child-Pugh. Ina vitu vitano, kila kimoja kinapewa alama 1 hadi 3, na unaweza kuifuata mwenyewe kwa karatasi zako:

- Bilirubini, ile rangi ya manjano inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizovunjika: chini ya 34 ni alama 1, kati ya 34 na 50 ni 2, zaidi ya 50 ni 3. (Maabara nyingine zinatumia kipimo kingine, huko 2 ndiyo 34, na 3 ndiyo 50.)
- Albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini: zaidi ya 35 ni alama 1, 28 hadi 35 ni 2, chini ya 28 ni 3. Ukiona imeandikwa 3.5 badala ya 35, ni kitu kilekile.
- INR, yaani muda ambao damu inachukua kuganda ukilinganisha na wa kawaida: chini ya 1.7 ni 1, kati ya 1.7 na 2.3 ni 2, zaidi ya hapo ni 3.
- Maji tumboni: hakuna ni 1, kidogo ni 2, mengi au yasiyosikia dawa ni 3.
- Kuchanganyikiwa kwa sababu ya ini: hakuna ni 1, kidogo ni 2, kukubwa ni 3.

Jumla ya 5 au 6 ni daraja A, 7 hadi 9 ni B, 10 hadi 15 ni C. Siku ile mama alipopangiwa upasuaji alikuwa na bilirubini 41, albumini 27, INR 1.4, maji kidogo tumboni, na akili timamu za kuweza kunikaripia. Hesabu: 2, 3, 1, 2, 1. Jumla 9. Daraja B, ukingoni kabisa mwa C. Hakuna aliyetupigia hesabu hiyo kabla ya kutupa tarehe ya theatre, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, maana majibu yote yalikuwa ndani ya faili lilelile mezani.

Kwa ufupi wa mambo, daraja A kwa kawaida anaweza kupasuliwa kama kuna sababu. B anapasuliwa kwa uangalifu, mara nyingi baada ya ini kutengenezwa kwanza. C anaepushwa na kisu kadiri inavyowezekana. Madaktari wengi pia wanaongeza hesabu nyingine, MELD, inayochukua bilirubini, INR na kreatinini ya figo. Omba akuandikie zote mbili kwenye faili.

Nyongeza kwa watu wa kando ya Ziwa Victoria: kichocho cha tumbo kinaweza kuziba mishipa inayoingia kwenye ini huku ini lenyewe likifanya kazi vizuri. Namba zako zitasoma daraja A, kumbe bandama ni kubwa na mishipa ya umio imevimba tayari kupasuka. Kama umewahi kutapika damu, au uliwahi kutibiwa kichocho, mwambie daktari wa upasuaji hata kama hajauliza.

Hatua ya pili: hakikisha maumivu ni ya mawe kweli

Mawe yaliyotulia, yasiyouma, kwa kawaida yanaachwa. Hilo ni kwa watu wote, na kwa mwenye ini bovu ndiyo zaidi.

Maumivu ya mawe yana tabia yake. Yanakuja chini ya mbavu za kulia au katikati juu ya kitovu, mara nyingi baada ya mlo au usiku wa manane, yanapanda na kukaa hapo kwa nusu saa mpaka saa kadhaa, yanaweza kurushia kwenye bega la kulia au mgongoni, na kutapika juu yake. Halafu yanaondoka kama hayakuwahi kuwapo. Tumbo kujaa gesi kila siku, kiungulia, kuchoka, kuwashwa mwili: hayo mara nyingi si ya mawe, na ukitoa kifuko yatakungojea nyumbani.

Kuna mtego mmoja hapa ambao kila mgonjwa wa ini anapaswa kuujua. Ripoti ya ultrasaundi ya mama iliandika kwamba ukuta wa kifuko umenenepa, milimita 6, wakati kawaida hauzidi 3. Mtu akiona mawe na ukuta mnene, anaandika “uvimbe mkali wa kifuko” na kumwita daktari wa upasuaji. Lakini albumini ikishuka na presha ya mishipa ya ini ikipanda, ukuta wa kifuko unalowa na kuvimba wenyewe, kama miguu inavyovimba. Hauna ugonjwa.

Hospitali ya pili tulikutana na daktari kijana.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Umepata homa siku hizi?”

“Sijapata.”

Akaweka kile kipimo juu ya kifuko chenyewe, akikiangalia kwenye skrini, akabonyeza. “Vuta pumzi ndani, mama. Inauma?”

“Baridi tu ya hayo mafuta yako.”

Akacheka. Akatuambia kifuko chenye uvimbe mkali kikibonyezwa hivyo mtu anakata pumzi kwa maumivu, chembe nyeupe zinapanda, na homa inakuwapo. Mama hakuwa na hata kimoja. Akaandika: hakuna upasuaji kwa sasa, tibu maji ya tumbo, tenofovir (dawa yake ya virusi vya homa ya ini B) iendelee, arudi.

Kwa hiyo swali lako ni hili, liulize kwa maneno haya haya: “Dokta, ukuta huu umenenepa kwa sababu kifuko kinaumwa, au kwa sababu ya ini?”

Hatua ya tatu: zijue dalili ambazo hazingoji miadi

Hii niipitie haraka kwa sababu haina mjadala. Homa ya kutetemeka, macho kuwa manjano zaidi ya ulivyozoea, na maumivu upande wa kulia vikija pamoja, huenda jiwe limeteleza na kuziba mrija wa nyongo na usaha unapanda kwenye ini. Ni hospitali usiku huohuo. Hapo kazi ya kwanza ni kufungua mrija, mara nyingi kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, si kukimbilia kutoa kifuko. Maumivu makali yanayotoboa mpaka mgongoni na kutapika bila kukoma yanaweza kuwa uvimbe wa kongosho. Kutapika damu, choo cheusi kama lami, kulala mchana na kukesha usiku, kuongea vitu visivyoeleweka, tumbo la maji likaanza kuuma: vyote ni vya ini, na vyote ni dharura.

Hatua ya nne: usiyeyushe mawe kwa mitandao

Kabla hatujarudi kliniki, jirani mwema alituletea maelekezo ya “kusafisha ini”: juisi ya tufaha siku kadhaa, chumvi ya kuharisha, halafu mafuta ya zeituni na maji ya ndimu usiku, na asubuhi utaona mawe ya kijani kwenye choo. Ni kweli yanaonekana. Ila hayo madonge ni sabuni: mafuta uliyokunywa yamekutana na juisi za tumbo yakaganda. Yanaelea majini na ukiyaweka juani yanalainika. Jiwe la kweli haliyeyuki juani. Ile chumvi ya kuharisha ina magnesiamu, ambayo figo zilizochoka zinashindwa kuitoa, na kuharisha kwenyewe kunakausha mwili wa mtu ambaye tayari yuko kwenye dawa za kukojoza. Mafuta nayo yanakamua kifuko kwa nguvu, na jiwe likisukumwa likakwama, umejitengenezea dharura ya hatua ya tatu.

Kuna dawa halisi ya hospitali inayoweza kuyeyusha mawe, ila inafanya kazi kwa mawe madogo ya kolesteroli tu, inachukua miezi mingi, na mawe yanaweza kurudi ukiacha. Ya mgonjwa wa makovu ya ini mara nyingi ni yale meusi ya rangi ya damu, ambayo hayasikii dawa hiyo. Miti shamba sitasema yote ni sumu. Nasema ini lako haliwezi tena kubahatisha, na kama umeitumia, usimfiche daktari.

Hatua ya tano: tengeneza ini wakati unasubiri

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, zaidi ya mwaka, na ndipo kazi ilipo.

Kama ni homa ya ini B, kidonge cha tenofovir ni cha kila siku. Kukiacha kwa sababu “najisikia vizuri” kunaweza kuviamsha virusi kwa kishindo, na ini la makovu halina akiba ya kuhimili. Pombe ni sifuri, iwe bia, mbege au gongo. Sherehe moja nayo inahesabika.

Maumivu: usimeze diclofenac wala ibuprofen, hata ile ya dukani ya kugawana. Zinaumiza figo na kuleta damu tumboni. Paracetamol, ambayo watu wanaiogopa, ndiyo salama zaidi ukikaa chini ya gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500 saa 24 nzima. Hesabu na ile iliyojificha ndani ya dawa za mafua.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo ndani ya vyakula. Mama alijua kupunguza ya kwenye mchuzi lakini akawa anakula ng'onda na vile vipande vya kiungo cha mchuzi, tukawa tunashangaa miguu haipungui. Nunua mzani. Pima kila asubuhi ukitoka chooni, kabla ya chai, andika kwenye daftari. Ukiwa kwenye dawa za kukojoza na miguu haijavimba, kupungua zaidi ya nusu kilo kwa siku ni haraka mno. Piga simu kliniki.

Watu watakuambia mgonjwa wa ini asile nyama wala mayai. Wanakosea. Misuli ya mgonjwa huyu inaliwa na mwili wake mwenyewe usiku akilala na njaa, kwa hiyo anahitaji protini kuliko mtu mzima wa kawaida: maharage, mayai, samaki, maziwa, kidogokidogo mara nyingi. Kikombe cha uji wa maziwa saa tatu usiku kabla ya kulala kilimfanyia mama kazi ambayo sikuitarajia. Kwa mawe, mafuta mengi kwa mkupuo mmoja ndiyo yanayochokoza kifuko. Chapati za kukaangwa tulizipunguza, hatukuzifuta.

Mahindi na karanga zenye ukungu tupa, usiwape hata kuku. Sumukuvu na homa ya ini B vikikutana, hatari ya saratani ya ini inapanda kuliko kila kimoja peke yake. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya sumukuvu ya mahindi iliwaangusha watu 317, na 125 walikufa. Hiyo ni ile inayoua haraka. Ya polepole haitangazwi. Ndiyo sababu kila miezi 6 ultrasaundi ya ini inarudiwa, pamoja na AFP, kipimo cha damu cha kusaka saratani ya ini, kinapopatikana. Ulizia pia kamera ya umio, kama mishipa imevimba uanzishiwe dawa kabla haijapasuka. Na watu wa nyumbani wapimwe. Wasio na virusi wapate chanjo yao, dozi tatu.

Hatua ya sita: mawe yakianza kuuma kweli, uliza haya

Mwaka uliofuata maumivu yalikuja, ya usiku, mara tatu ndani ya mwezi mmoja, mara ya tatu na kutapika. Tukapiga hesabu upya: bilirubini 28, albumini 34, INR 1.3, maji hakuna, akili timamu. Jumla 6. Daraja A. Mawe yalikuwa yaleyale, na kifuko ni kilekile. Kilichobadilika ni ini, na kwa hiyo jibu nalo likabadilika.

Maswali tuliyoingia nayo yalikuwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Utafanya kwa matundu madogo au kwa kupasua tumbo? Kwa daraja A na B matundu madogo ndiyo bora: damu kidogo, kidonda kidogo, siku chache. Umewahi kumfanyia mtu mwenye makovu ya ini? Liulize kwa adabu, lakini liulize. Mishipa ya kuzunguka kitovu imevimba? Tundu la kwanza kwa kawaida linapita hapo, na kwa mgonjwa wa ini panaweza kumwaga damu. Damu ya akiba ipo, na chembe sahani zangu, zile za kugandisha damu, zinatosha? Ikishindikana kukibandua kifuko kwenye ini, utafanya nini?

Swali hilo la mwisho lina jibu zuri. Kifuko kimelala kwenye kitanda cha ini, na hapo ndipo damu inapochuruzika. Daktari mzoefu anaweza kuuacha ukuta wa nyuma ukiwa umeshika ini, akatoa mawe na sehemu iliyobaki. Ukisikia “hatukukitoa chote”, usidhani kazi imeharibika.

Kama wewe ni daraja C na kifuko kimewaka moto, kuna njia ya katikati: antibiotiki, na kukikamua kifuko kwa bomba dogo au kwa mrija unaowekwa kwa njia ya kamera. Kama umeshazungumziwa habari ya kupandikizwa ini, waulize waliokushauri kabla hujakubali upasuaji wowote, maana kifuko kinatoka hukohuko pamoja na ini bovu.

Daktari wa usingizi naye mwambie yote: virusi, kuchanganyikiwa kulikopita, dawa zote. Tenofovir usiiruke siku ya upasuaji bila kuambiwa.

Hatua ya saba: baada ya theatre

Dawa kali za maumivu, tramadol na jamaa zake, zinamchanganya mgonjwa wa ini na kumfunga choo, na choo kikifunga sumu inapanda kichwani. Kama yupo kwenye laktulosi, ile dawa ya maji ya kulainisha choo, lengo ni choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Mwulize tarehe, mwulize jina la mjukuu. Akikosea, muuguzi aitwe. Angalia vidonda: maji ya tumbo yakianza kuvuja kupitia tundu, rudi, vidudu huingia kwa njia hiyohiyo. Tumbo kujaa tena, macho kuwa manjano, mkojo kupungua, vivyo hivyo.

Chakula, hakuna mwiko mpya. Wengine wanaharisha kidogo wiki za mwanzo wakila mafuta, kwa sababu nyongo sasa haina pa kusubiri. Kwa walio wengi hutulia.

Kliniki ya ini haikufungwa kwa sababu kifuko kimetoka. Tarehe za miezi 6 ziko palepale, na mpimaji mpe historia kabla hajaanza. Mara ya kwanza tulisahau. Binti wa ultrasaundi akabonyeza, akamgeuza mama ubavu, akabonyeza tena, akamuuliza kama amekuja na njaa maana kifuko hakionekani. Mama alikuwa ameshachoka kubonyezwa.

“Usikitafute, mwanangu,” akamwambia. “Nilikiacha theatre.”